Mikono Mitatu Nyuma ya Trekta: Asili Yake na Namna ya Kuipima

Ni desturi ya vijitabu vya sherehe kueleza habari za wenyeviti waliotangulia, hesabu za magunia, na siku ya kufungua ghala jipya. Hayo yote yamo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki cha miaka kumi, nayo yastahili kuwamo. Lakini mwanachama anayelipia ekari zake zilimwe na trekta ana haki pia ya kujua ni kitu gani anachokilipia. Na sehemu kubwa ya kitu hicho imo katika mikono mitatu ya chuma iliyo nyuma ya trekta, miwili chini na mmoja juu, ambayo wengi wetu huiona kila msimu wala hatuitazami. Watu hudhani kwamba ni kulabu za kuning'inizia plau. Laiti ingekuwa hivyo, kazi ya kuivumbua isingemchukua mtu mmoja zaidi ya miaka ishirini ya maisha yake.

Mtu huyo ni Harry Ferguson, mwana wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1884 katika jimbo la Down, kaskazini ya Ireland. Kazi ya shamba haikumvuta, alipenda mashine. Tarehe 31 Desemba 1909 aliruka angani kwa ndege aliyoiunda mwenyewe, akawa wa kwanza kufanya hivyo katika nchi yake, kisha akafungua karakana ya magari mjini Belfast. Pengine angekufa akiwa mwuza magari tu kama si Vita Kuu ya Kwanza. Katika mwaka 1917 manowari za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli za chakula zilizokuwa zikienda Uingereza, na serikali ikataka kila shamba lililolala lilimwe. Matrekta yaliagizwa, nayo mengi yakawa hayafanyi kazi inayolingana na bei yake. Ndipo Bwana Ferguson alipoombwa azunguke Ireland kuyakagua matrekta hayo, akaenda pamoja na fundi wake, William Sands.

Walichokiona kilikuwa ni ng'ombe wa chuma. Nasema hivyo kwa sababu plau ilifungwa nyuma ya trekta vilevile ilivyofungwa nyuma ya ng'ombe: mnyororo au ufito mmoja wa kuvutia, na nyuma yake plau nzito yenye magurudumu yake yenyewe, na mara nyingi mtu wa pili juu yake wa kuiinua na kuishusha. Uzito wa plau hiyo haukuisaidia trekta hata kidogo. Ili magurudumu ya nyuma yashike ardhi, trekta lenyewe lilipaswa kuwa zito mno, na uzito huo ukaishindilia ardhi ambayo plau ilikuwa ikijitahidi kuilegeza.

Kulikuwa na jambo baya zaidi. Ng'ombe, plau ikinasa kwenye jiwe, husimama. Ana akili ya kusimama. Injini haina akili hiyo. Gurudumu likishindwa kwenda mbele, nguvu ya injini hutafuta njia nyingine, nayo huligeuza bodi la trekta kulizunguka ekseli lake. Magurudumu ya mbele huinuka kutoka ardhini, na kabla dereva hajaufikia klachi, trekta limekwisha kubinuka kinyumenyume na kumlalia. Trekta la Fordson, ambalo Henry Ford alianza kuliuza mwaka huohuo wa 1917, lilikuwa jepesi na la bei nafuu, likaenea upesi kuliko mengine yote. Na kwa ajili ya tabia hiyo likaua madereva wengi.

Bwana Ferguson hakuwa na kiwanda cha matrekta, kwa hiyo alianza na plau. Ya kwanza, ya mwaka 1917, haikuwa na magurudumu; ilishikwa na trekta lenyewe na kuinuliwa kwa wenzo kutoka kwenye kiti cha dereva. Baadaye akatengeneza nyingine kwa ajili ya Fordson, yenye mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Katika mikono hiyo miwili ndimo ilimokuwa siri, na kwa kuwa yote yatakayofuata yanaitegemea, naomba msomaji aivumilie kwa dakika moja.

Mfikirie mtu anayekimbia akajikwaa. Mguu umeshikwa na kisiki, lakini kichwa chake kinaendelea kwenda mbele. Plau iliyo ardhini ni kama mtu huyo. Trekta huivuta kwa mikono ya chini, udongo huishika miguu yake, na kichwa chake, yaani ile nguzo ya juu ya fremu, hutaka kuanguka mbele. Mkono wa juu hukizuia. Kwa hiyo wakati plau inafanya kazi, mkono wa juu haivuti plau. Unasukumwa nayo kuelekea mbele. Msukumo huo huliegemea trekta nyuma, juu ya ekseli, na kuyakandamiza magurudumu ya mbele yasiinuke. Kadiri plau inavyonasa, ndivyo trekta linavyozuiwa lisibinuke. Uzito wa plau, pamoja na mvuto wa udongo unaogeuzwa, huyashindilia magurudumu ya nyuma, hata trekta jepesi likaweza kufanya kazi ya trekta zito.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kina. Plau isiyo na gurudumu lake yenyewe hufuata kila mwinamo wa trekta: gurudumu la mbele likipanda kichuguu, plau huzama, likishuka, plau hutoka nje. Mnamo mwaka 1925 Bwana Ferguson alishirikiana na ndugu wawili wa ukoo wa Sherman kuunda plau zake mjini Evansville, katika jimbo la Indiana huko Marekani, na katika miaka hiyohiyo yeye na mafundi wake wakalipata jawabu, ambalo alipewa hataza yake Uingereza mwaka 1926. Jawabu lilikuwa hili: kwa kuwa nguvu ya udongo huonekana katika mikono yenyewe, basi nguvu hiyo ifanywe kuwa mjumbe. Udongo ukiwa mgumu au plau ikizama kupita kiasi, mkono huibana springi. Springi huisogeza vali ya pampu ya mafuta. Mafuta huiinua plau kidogo hata mzigo urudi ulivyokuwa. Ukipungua, plau hushuka tena. Hapana mtu anayegusa kitu. Nadhani huu ni miongoni mwa uvumbuzi bora kabisa uliopata kufanywa kwa ajili ya shamba, nao hauonekani kwa macho, kwa sababu dalili ya kufanya kazi vizuri ni kwamba hakuna kinachotokea.

Mwaka 1933 alimaliza kuunda trekta lake la kwanza, lililopakwa rangi nyeusi, ambalo sasa limo katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi mjini London. Kuanzia mwaka 1936 kampuni ya David Brown iliyaunda matrekta ya namna hiyo Uingereza, yakauzwa kwa pauni 224, bei ambayo wakulima wa siku zile waliiona kubwa. Mwezi wa Oktoba 1938 akalipeleka moja Marekani, akalionyesha shambani kwa Henry Ford mwenyewe, na wazee hao wawili wakapatana kwa kupeana mkono tu, pasipo hati yoyote. Mwaka 1939 likatoka trekta la Ford lenye mikono ya Ferguson.

Mapatano ya kupeana mkono hudumu muda wa mikono iliyopeana. Mjukuu wa Ford alipoishika kampuni aliyavunja, na mwaka 1947 Ford wakatoa trekta jipya lenye mikono ileile bila ya Ferguson. Kesi ikafunguliwa mwaka 1948, ikaisha kwa suluhu mwaka 1952, Ford wakalipa dola milioni 9 na robo. Sisi wana ushirika, tulio na kamati za kuandika kumbukumbu za kila kikao, tunaweza kuisoma habari hiyo kwa tabasamu.

Hata hivyo Bwana Ferguson alikuwa amekwisha kupata kiwanda kingine. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1956 kampuni ya Standard mjini Coventry iliunda zaidi ya matrekta 500,000 ya rangi ya kijivu, yale ambayo wazee wetu waliyaita "Fagasoni" hata walipoona ya kampuni nyingine. Mwaka 1953 aliiunganisha kampuni yake na ile ya Massey-Harris. Jina la Massey Ferguson likaanza kutumika mwaka 1958, na Bwana Ferguson akafariki tarehe 25 Oktoba 1960. Lile trekta jekundu la MF 135, linalojulikana sana kwetu Afrika Mashariki, lilitolewa mwaka 1964, na mikono yake ya nyuma ni ileile.

Huku kwetu mwanzo wa matrekta mengi husimuliwa kwa Mpango wa Karanga, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 Kongwa na kwingineko. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3, wakatumia kiasi cha pauni milioni 36, na mwaka 1951 wakauacha. Mitambo yao mingi ilikuwa matingatinga makubwa ya kung'oa miti, na udongo wa Kongwa, ambao hukauka ukawa kama saruji, uliyala majembe yao. Mkulima wa Tanganyika hakujifunza trekta pale. Alijifunza katika mashamba ya ngano ya Mbulu na ya mahindi ya Ismani, ambako katika miaka ya 1950 Waafrika walianza kununua matrekta yao wenyewe na kuwalimia majirani kwa malipo. Upande wa ushirika, Shirikisho la Vyama vya Victoria, lililoundwa mwaka 1955 kwa ajili ya wakulima wa pamba, liliingia katika kilimo cha matrekta katikati ya miaka ya 1960, likakuta kwamba gharama za kuyaendesha zilizidi mapato. Sababu zilikuwa nyingi: vipuri, madereva, mashamba yaliyotawanyika, mvua. Sitasema kwamba mikono mitatu ndiyo iliyoleta hasara. Lakini trekta lolote linalokodishwa kwa ekari hupata au hukosa fedha yake pale nyuma, plau inapogusa udongo, na hapo ndipo ninapotaka sasa tusimame.

Mwenye shamba huona upana wa kazi kwa macho yake, kina hakioni. Ekari iliyokwaruzwa kwa inchi 4 na ekari iliyolimwa kwa inchi 8 hulipiwa sawa, na siku ile ya kwanza zote mbili ni nyeusi na zinapendeza. Tofauti hujitokeza mwezi wa pili, mvua ikikatika kwa wiki mbili. Dereva anayekwaruza si lazima awe mwizi. Mara nyingi amelipokea trekta kutoka kwa mwenzake, na mwenzake alikuwa akivuta haro au amebeba tangi la kunyunyizia dawa, na mikono imebaki kama ilivyokuwa.

Kwa plau ya sahani tatu, ambayo ndiyo inayotumika zaidi kwetu, kazi ya kupima huanza kabla ya kufika shambani. Upepo wa matairi mawili ya nyuma uwe sawa, maana tairi lililolegea huinamisha kila kitu kilicho juu yake. Mkono wa chini wa kushoto hufungwa kwanza, kwa kuwa kwa kawaida urefu wa ufito wake wa kuinulia haubadilishwi. Kisha wa kulia, ambao una kishikio cha kuzungusha. Na mkono wa juu, ambao mafundi huuita toplinki, hufungwa mwisho. Kufungua ni kinyume chake. Anayeanza na mkono wa juu atahangaika na nyundo saa nzima, na pini zitakuwa zimepondeka.

Sasa kumbuka kwamba wakati wa kulima, magurudumu ya kulia hutembea ndani ya mfuo uliokwisha kukatwa, na ya kushoto hutembea juu ya ardhi ambayo haijalimwa. Trekta limeinama upande wa kulia mchana kutwa. Plau haitakiwi kuinama nalo. Ukiisawazisha plau trekta likiwa limesimama wima uani, umeipima kwa ajili ya uani. Kwa hiyo egesha trekta mahali tambarare, panga mbao zenye unene sawa na kina unachokitaka, tuseme inchi 8, kisha uyapandishe juu yake magurudumu ya kushoto, la mbele na la nyuma. Hapo trekta limeinama kama litakavyoinama shambani. Shusha plau iguse chini, simama nyuma yake, uzungushe kishikio cha mkono wa kulia hata fremu ilale sawa na ardhi. Kazi hiyo ni ya dakika chache, nayo huokoa msimu.

Baada ya hapo simama ubavuni. Fremu ikitazamwa kutoka pembeni iwe sawa pia, na hili ni la mkono wa juu. Ukiufupisha, pua ya plau huinama na sahani ya mbele huzama zaidi. Ukiurefusha, ya nyuma ndiyo huzama. Shambani, baada ya mizunguko miwili au mitatu, tazama mifuo: kama sahani ya kwanza inachimba na ya tatu inapapasa, refusha kidogo, kama ni kinyume, fupisha. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, tena kwa mizunguko michache ya skrubu. Nimeona dereva akigeuza mkono wa juu, kishikio cha kulia na gurudumu la nyuma la plau kwa pamoja, na baada ya hapo hata fundi aliyeitwa kutoka mjini hakujua aanzie wapi. Shamba likionyesha matuta kila trekta linaporudi, mfano wa mgongo wa mamba, sababu huwa ni mkono wa kulia, au upana wa magurudumu haulingani na plau.

Minyororo iliyo kando ya mikono ya chini husahauliwa kuliko vyote. Kwa plau iachwe na nafasi kidogo, plau iweze kuyumba kiasi cha inchi 2 kila upande na kulifuata trekta bila kulisukuma; lakini isilegee hata plau ikiinuliwa ikapiga tairi. Kwa rija, mashine ya kupandia au ya kupalilia, ikazwe imara, kwa maana mstari uliopinda wakati wa kupanda hung'olewa wakati wa kupalilia.

Zimebaki wenzo mbili zilizo kando ya kiti, na hapa pana makosa mengi kuliko pengine pote. Mmoja ni wa kimo: huishika zana mahali palepale ulipoiweka, iwe ardhi ngumu au laini. Huo ni wa tangi la dawa na mashine ya kutawanyia mbolea. Mwingine ni wa mvuto, na ndio ule uvumbuzi wa mwaka 1926. Yale matrekta ya kijivu ya Coventry yalikuwa na wa mvuto tu. Wa kimo uliongezwa katika Ferguson 35 ya mwaka 1956. Tangu hapo dereva anaweza kuchagua, na kwa hiyo anaweza kukosea. Anayelima kwa wenzo wa kimo hulazimika kuinua na kushusha kwa mkono kila afikapo penye ugumu, akachoka, na jioni mkono wake huwa umekwisha kuchagua inchi 4. Anayelima kwa wenzo wa mvuto huuweka mara moja, akauacha.

Hata hivyo wenzo wa mvuto si mganga. Hauoni kina, unaona ugumu. Shamba lililo nusu mbuga na nusu kichanga litaufanya uinue plau kwenye mbuga na kuizamisha kwenye kichanga, na hapo gurudumu la nyuma la plau na jicho la dereva ndivyo vya kusaidia. Kwa sababu hiyo napenda kila bwana shamba na kila mwanachama awe na kijiti kilichotiwa alama ya inchi 8. Kisimamishe chini ya mfuo, ukutani kwenye ardhi ambayo haijalimwa, upime mahali patatu: mwanzo wa shamba, katikati, na mwisho. Upime trekta likiwa bado lipo.

Jambo moja sikutaka kulichanganya na mambo ya mavuno. Penye mkono wa juu pana kishikizo kinachovutia sana macho ya mtu mwenye mnyororo na kisiki cha kung'oa. Kisiki kikifungwa hapo, ule msukumo wa kulizuia trekta hugeuka kuwa mvuto wa kulibinua, juu ya ekseli, na tunarudi mwaka 1917 kwa hatua moja. Lile trekta jeusi la 1933, la kijivu, jekundu, na matrekta mapya yanayoshushwa bandarini leo kutoka India, yote hubinuka vilevile. Mnyororo wa kuvutia hufungwa kwenye chuma cha kukokotea kilicho chini ya ekseli, na si penginepo. Madereva wapya waonyeshwe hivyo siku ya kwanza, kabla hawajaonyeshwa gia.

Kuhusu pini, wanaoagiza zana wazingatie namba. Baada ya hataza za Ferguson kumaliza muda wake, waundaji wengine waliifuata mikono mitatu, na vipimo vikawekwa viwe sawa kwa wote. Daraja la 1, kwa matrekta madogo, lina pini za chini za milimita 22 na ya juu ya milimita 19. Daraja la 2, kwa yenye nguvu zaidi, lina za chini za milimita 28 na ya juu ya milimita 25. Plau ya daraja la 1 inaweza kuvutwa na trekta la daraja la 2 kwa kutia bushi za chuma kwenye matundu, nazo bushi hizo hugharimu kidogo kuliko pini moja iliyopinda. Bila bushi pini hucheza ndani ya tundu, tundu likapanuka, na kila kipimo kilichoelezwa hapo juu hupotea kabla ya saa nne asubuhi. Bushi ni ndogo, huanguka njiani na kupotea. Zitobolewe na kufungwa kwa waya kwenye boksi la spana la kila trekta, na ziandikwe katika daftari la makabidhiano pamoja na jeki.